Synology DS220+ mjini Lubumbashi: tunaipima siku iliyogoma kuwaka

Wanaopima masanduku ya NAS (masanduku ya diski yanayohifadhi faili kwenye mtandao wa nyumba au ofisi) hupenda kuanza na kasi: faili ya gigabaiti 10 imenakiliwa kwa sekunde ngapi. Lubumbashi kasi haimkoseshi mtu usingizi. Kinachomkosesha ni asubuhi ile ambayo delestaji (mgao wa umeme) ilianza jana jioni, umeme ukarudi usiku kwa kushtuka mara tatu, na sasa taa ya buluu inapepesa, inapepesa, haifiki popote. Ndani ya sanduku mna picha za harusi za studio nzima ya Kamalondo, au hati za wakala wa forodha anayepitisha mizigo Kasumbalesa. Mwenye mali akimpigia fundi husema, "Papa, inawaka tu lakini haimalizi." Maneno hayo, fundi akiyasikiliza vizuri, yameshaondoa nusu ya sababu.

Kwa hiyo DS220+ hapa inaulizwa swali moja: isipowaka, itakuonyesha ugonjwa wake, na utaweza kuutibu bila kuituma Johannesburg au Dubai? Kwa sehemu kubwa ndiyo, kuliko masanduku mengi ya bei yake. Ila taa yake ya buluu imebebeshwa maana nyingi mno, na adapta yake ni rahisi mno kubadilishwa na isiyo yake.

Kwanza sifa zake, kwa haraka. Ilitoka mwaka 2020. Ina nafasi mbili za diski zinazochomolewa kwa mbele, prosesa ya Intel Celeron J4025, RAM ya GB 2 iliyolehemiwa kwenye ubao pamoja na nafasi moja ya kuongeza hadi jumla ya GB 6, matundu mawili ya waya wa mtandao ya gigabiti 1 kila moja, na USB mbili. Uzito ni kilo 1.3 bila diski. Disk mbili zikifanya kazi inakula takriban wati 15, yaani chini ya balbu nyingi za zamani. Marekani ilianza kuuzwa kwa karibu dola 300 bila diski. Mrithi wake, DS224+, alikuja mwaka 2023, kwa hiyo DS220+ utakayoiona sasa mjini mara nyingi ni mtumba. Karibu yote yanayofuata yanaihusu DS224+ pia.

Anza na adapta, hata kama taa inawaka

Adapta ni ya nje, wati 60: volti 12, ampea 5. Watu wakiona diski mbili zinakula wati 15 tu hudhani ampea 5 ni anasa. Si anasa. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka kutoka kusimama hunyonya takriban ampea 1.8 kwenye volti 12 kwa sekunde chache, halafu hutulia chini ya nusu ampea. Zikianza mbili kwa pamoja hiyo ni ampea 3.6, na ubao nao unadai sehemu yake. Adapta iliyochoka huishi vizuri miezi yote ambayo sanduku halizimwi. Siku likizimwa na umeme, haiwezi kuliamsha tena. Ndiyo maana watu husema "lilikuwa zima mpaka jana", na wanasema kweli.

Kosa la kawaida ni kupima adapta bila mzigo. Multimita inaonyesha 12.1, fundi anasema adapta ni nzima, anaanza kulaumu ubao. Adapta yenye kondensa zilizovimba hutoa 12.1 ikiwa haina kazi, kisha huanguka hadi 10 na kidogo diski zikidai. Diski za inchi 3.5 huvumilia upungufu wa asilimia 10 kwenye volti 12, yaani hadi 10.8. Chini ya hapo zinaanza kuzunguka, zinakata, zinaanza tena.

Kipimo cha bei rahisi kinapatikana kwa muuza vipuri vya magari: balbu mbili za breki za volti 12, wati 21. Kila moja hunyonya karibu ampea 1.75, sawasawa na diski moja inayoamka. Unganisha ya kwanza kwenye adapta, subiri iwake vizuri, kisha ongeza ya pili, multimita ikiwa imeshika nyaya zilezile. Usiziwashe zote kwa mpigo, kwa sababu uzi wa balbu ukiwa baridi hunyonya mara kadhaa zaidi, na adapta nzima inaweza kujikinga kwa kuzima. Acha dakika mbili. Ikibaki juu ya 11.4, adapta ina afya. Ikishuka polepole kuelekea 10.8, au mwanga wa balbu ukipumua, umempata mchawi. Balbu zinachoma, usizilaze kwenye meza ya plastiki.

Kubadilisha adapta ndipo watu wanapoua sanduku. Plagi za duara za umbo hili ziko za aina mbili zinazofanana kwa macho: nje zote milimita 5.5, tundu la ndani 2.1 au 2.5. Ya 2.5 ikiingia kwenye pini ya 2.1 inacheza, na sanduku linazima ukiligusa. Ya 2.1 haiingii kabisa kwenye pini ya 2.5. Adapta za kamera za ulinzi, ambazo maduka ya mjini yamejaza, kwa kawaida ni za 2.1, na nyingi zimeandikwa 5A huku uzito wake mkononi ukisema 2. Muuzaji atakuambia, "Papa, hii ni volti kumi na mbili, itaenda tu." Nenda na adapta ya zamani mkononi, linganisha plagi, linganisha uzito, hakikisha chanya iko katikati.

Hatari kubwa zaidi ni chaja ya laptop. Nyingi za Asus na Toshiba zina plagi ya 5.5 kwa 2.5 na zinaingia kwa ulaini kabisa, lakini zinatoa volti 19. Volti hizo zikifika kwenye diski, diodi ya ulinzi kwenye ubao wake mdogo hujitoa mhanga: inajifunga na kuwa kama waya mtupu kati ya volti 12 na ardhi. Dalili yake haisahauliki. Ukiichomeka diski hiyo, sanduku zima linakuwa giza kama halina umeme; ukiichomoa, linafufuka. Data kwa kawaida ingali salama kwenye sahani, na fundi wa mikrolehemu anaweza kuiondoa diodi hiyo ili diski isomwe mara moja, inakiliwe, istaafu.

Kuna na kile kijisanduku cheupe cha kulinda ruta wakati wa delestaji, mini-onduleri yenye tundu la volti 12. Hutoa ampea 2 au 3. Kwa ruta kinatosha na kubaki. Kwa NAS yenye diski mbili kinaleta ugonjwa wa kuchekesha kama si wa kwako: taa inawaka, diski zinaanza kuvuma, zinasikika "tik", kimya, taa inawaka tena, na mzunguko unaendelea hadi betri ya ndani iishe. Sanduku halina kosa lolote.

Wenye paneli za jua na betri ya volti 12 hujaribiwa kuunganisha moja kwa moja: namba si zilezile? Hapana. Betri ya risasi ikichajiwa hupanda hadi 14.4, na kikomo cha juu cha diski ni 13.2. Weka kati yake kidhibiti cha DC kinachopandisha na kushusha, cha volti 12 thabiti na ampea 6 au zaidi.

Kusoma taa

Hapa ndipo Synology inastahili sifa na lawama kwa pamoja. Sifa: ina bip. Lawama: mwongozo mfupi ulio ndani ya boksi haukuambii ukimya wa bip una maana gani.

Sanduku zima hufanya hivi: taa ya umeme inapepesa buluu, baada ya dakika moja au zaidi inasikika bip moja, taa ya buluu inatulia, na taa ya STATUS inakuwa kijani. Taa zote zikiwa giza, tatizo liko kabla ya ubao au mlangoni mwake: soketi, adapta, plagi, au diski iliyofunga njia kama tulivyoona. Ikipepesa bila kukoma na bila bip, sanduku halijamaliza kuamka. Ikitulia buluu na STATUS ikipepesa rangi ya chungwa, sanduku lenyewe limeamka. Linalalamikia diski, voliyumu (eneo la kuhifadhia data), au kukosa mfumo wake wa uendeshaji, DSM.

Kuna kipimo kimoja, kifanye kabla ya chochote kingine. Shika kitufe cha umeme hadi sanduku lizime. Chomoa adapta, waya zote za mtandao, kila kitu cha USB. Bandika kipande cha utepe kwenye kila trei uandike 1 na 2, chomoa diski zote mbili uziweke kwenye kitambaa mbali na spika. Subiri nusu dakika, rudisha adapta peke yake, washa. Lipe dakika 10 kwa saa, usihesabu kwa moyo.

Ukisikia bip, buluu ikatulia na STATUS ikapepesa chungwa, shangilia: ubao, RAM na chipu ya kuamshia ni vizima, na ugonjwa uko kwenye diski au kwenye adapta isiyoziweza. Ikiendelea kupepesa bila diski hata moja, diski hazihusiki kabisa na hakuna haja ya kuzigusa tena siku hiyo. Watu wengi hupoteza data hapa, kwa kuhangaika na diski nzima wakati mgonjwa ni ubao.

Bila diski bado inapepesa

Fungua kwanza nafasi ya RAM. DS220+ inafika na nafasi hiyo tupu, lakini mitumba mingi imeongezewa kipande cha GB 4 na mmiliki wa kwanza. Kipande hicho ni DDR4 ya laptop, isiyo ya ECC (ile inayojisahihisha makosa). Kikilegea kidogo baada ya safari ya barabara ya Kasumbalesa, au kikiwa cha kampuni ambayo ubao huu haupatani nayo, sanduku halitoi bip. Nafasi iko ndani upande wa trei, unaiona ukizichomoa. Kiondoe, washa na zile GB 2 za ubaoni. Likiamka, futa meno ya kipande kwa raba safi ya penseli, kirudishe kwa kukisukuma hadi vishikio viwili vilie, jaribu tena. Likigoma tena, kitupe. Likikubali, bado usikiamini: programu ya Synology Assistant ina kipimo cha kumbukumbu, kiache kizunguke usiku umeme ukiwa na uhakika.

Baada ya RAM, ngurumo. Kati ya Novemba na Aprili, wenye kipokezi cha intaneti juu ya bati wana waya mrefu unaoshuka kutoka angani hadi kwenye ruta, na kutoka ruta hadi NAS. Radi haihitaji kukipiga kipokezi, kupita karibu kunatosha. Tundu la mtandao likiungua, wakati mwingine sanduku linaamka vizuri waya ukiwa nje na kukwama ukiwa ndani. DS220+ ina matundu mawili, na hii ni sababu nzuri kuliko ile inayotajwa kwenye matangazo: la kwanza likifa, tumia la pili na maisha yanaendelea. Swichi ndogo ya bei rahisi kati ya ruta na NAS ni kondoo mzuri wa kafara.

Ikiwa RAM imetoka, waya umetoka, adapta imepita kipimo cha balbu, na bado ni buluu inayopepesa tu, ubao umekwisha. Hapa ndipo uzuri wa kutengeneza mwenyewe unakomea. Chipu ya kuamshia haibadilishwi mezani, na ubao wa akiba hauuzwi Lubumbashi. Dhamana ya kiwanda ni miaka 2, na usafirishaji wa kwenda na kurudi utakula sehemu nzuri ya bei ya sanduku jipya. Ni udhaifu wa kweli, lakini si wa Synology peke yake.

Likiamka bila diski, likagoma nazo

Rudisha diski ya 1 peke yake, washa, sikiliza. Kisha zima, jaribu ya 2 peke yake. Ikiwa kila moja peke yake inaamka na zote mbili pamoja hazifiki, rudi kwenye adapta. Hiyo ni hesabu ya ampea tu. Ikiwa moja inaamka na nyingine inakwamisha sanduku kwa dakika nyingi, huku ikitoa mlio wa kukwaruza au tik za mfululizo, diski hiyo ndiyo inayokufa, na sanduku linaisubiri ijibu. Endesha kwa ile nzima, nakili data, kisha nunua nyingine.

Ukinunua, soma lebo. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba WD Red za TB 2 hadi 6 zenye herufi EFAX nyingi zilitumia uandishi wa SMR (nyimbo za data zinazolaliana), ambao unafanya kujenga upya RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) kuwa kazi ya siku badala ya saa. WD Red Plus haina shida hiyo. Kwa mji wa delestaji, saa za kujenga upya ni saa za hatari, zifupishe.

Zote mbili zikiwa na afya na sanduku likikwama nazo pamoja hata kwa adapta nzuri, huenda DSM yenyewe imeharibika. DSM haikai kwenye ubao. Inakaa kwenye kipande kidogo cha kila diski, ikinakiliwa kwa zote. Umeme ukikatwa wakati wa kusasisha, kipande hicho kinabaki nusu. Dawa ni kitufe cha RESET kilicho nyuma, cha kubonyeza kwa ncha ya klipu. Shika sekunde 4 hadi bip moja, achia mara moja. Ndani ya sekunde 10 shika tena sekunde 4 hadi bip tatu. Bip moja tu ukiacha hapo inarudisha nywila ya msimamizi na mipangilio ya mtandao. Bip tatu zinafuta mfumo ili usakinishwe upya, na data yako haiguswi.

Kusakinisha upya kunataka faili ya DSM ya .pat, mamia ya megabaiti, ya toleo lile lile au jipya zaidi. La zamani litakataliwa. Kwa bei ya bando hapa, ipakue siku ya amani uiweke kwenye fleshi. Ukurasa wa find.synology.com unahitaji intaneti. Usipokuwa nayo, Synology Assistant kwenye kompyuta italiona sanduku, au andika anwani yake na :5000 mwisho. Ikionekana na anwani inayoanza na 169.254, sanduku halina ugonjwa, ruta tu haijaligawia anwani. Skrini ya kusakinisha itakuuliza, soma kila neno kabla ya kubofya, na kataa chaguo lolote linalosema diski zitafutwa.

Kuokoa data ubao ukifa

Njia fupi ni kuingiza diski zote mbili kwenye Synology nyingine, DS224+ kwa mfano, kwa mpangilio uleule wa 1 na 2. Itaziona kama diski zilizohama na kukupa nafasi ya kuhamisha huku data ikibaki.

Njia ya bila sanduku jingine inataka kompyuta, fleshi yenye Ubuntu (aina ya Linux), na doki ya USB ya diski za inchi 3.5 yenye adapta yake. Waya wa USB wa diski ndogo hautoi volti 12, diski haitazunguka. Tumia Ubuntu 18.04, kwa sababu matoleo mapya wakati mwingine hukataa mfumo wa faili wa Btrfs uliotengenezwa na Synology. Kama ulitumia RAID 1, au SHR (RAID ya Synology yenyewe) ya diski mbili ambayo ndani yake ni kitu kilekile, kila diski ina nakala nzima. Unganisha moja, nyingine ifungie kabatini.

Windows ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa, jibu ni hapana, kila mara. Haijui kusoma ext4 wala Btrfs, na inadhani diski ni tupu.

Ndani ya Ubuntu: sudo apt install mdadm lvm2, kisha sudo mdadm -AsfR, kisha sudo vgchange -ay. Angalia cat /proc/mdstat uone md (safu za RAID) zipi zimefufuka, na sudo lvs uone kama kuna LVM (tabaka la kugawa nafasi juu ya RAID). Kwa SHR mara nyingi utafungua /dev/vg1000/lv au /dev/vg1/volume_1; kwa RAID 1 ya kawaida, /dev/md2 au jina lingine lenye ukubwa wa diski nzima. Amri ni sudo mount -o ro, jina la kifaa, kisha /mnt. Ile ro ni ya kusoma tu, usiiache. Nakili kila kitu kwenye diski ya tatu kabla ya kufikiria kurudisha hii kwenye sanduku: baada ya kufunguliwa peke yake, pacha wake anaweza asiitambue tena.

Onduleri na mpangilio mmoja wa kuzima

DS220+ bila onduleri (UPS) Lubumbashi ni ununuzi nusu. Ya 650 VA yenye USB inatosha. Betri ya ndani ya volti 12, 7 Ah ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Baada ya hasara, NAS na ruta pamoja zitapata saa moja na zaidi ikiwa mpya, na dakika chache baada ya miaka miwili ya delestaji. Chomeka USB yake kwenye NAS, washa msaada wa onduleri kwenye mipangilio ya vifaa na umeme, na uamuru izime kwa usalama baada ya dakika 5. Usingojee betri iishe. Stabilizeta ya relei, ile inayolia taka-taka, inasaidia volti zikiwa chini lakini haichukui nafasi ya onduleri: wakati relei inaruka, umeme unakatika kidogo.

Mpangilio wa kuwaka yenyewe umeme ukirudi unakuja kama msaada. Kwa mtu wa Ruashi au Katuba ambaye umeme hurudi kwa kuingia na kutoka mara kadhaa, uzime. Afadhali ubonyeze kitufe mwenyewe robo saa baadaye. Kama huna onduleri bado, zima pia akiba ya kuandika ya diski. Uandishi utakuwa wa polepole, lakini vinavyokatwa katikati vitakuwa vichache.

Na vumbi. Kiangazi, vumbi jekundu linakaa kwenye feni moja ya nyuma. Brashi laini kila miezi miwili, ukiishika feni isizunguke. Usipulize kwa kompresa ya garage, ina maji na mafuta.

Mitumba ya kuogopa

Sokoni DS220+ inawekwa pamoja na ndugu zake wakubwa wa bei ya kuvutia: DS415+, DS1515+, DS1815+. Hizo zina Intel Atom C2538 ya familia C2000, ambayo Intel mwaka 2017 iliandika kosa lake, AVR54: laini ya saa ndani ya chipu inadhoofika kwa miaka hadi sanduku halianzi tena. Linafanya kazi hadi siku linapozimwa. Mafundi hulifufua kwa rezista ya omu 100 inayoinua ishara hiyo, na linaweza kuishi muda mzuri baada ya hapo, lakini usilipie bei ya sanduku zima kwa sanduku lililofufuliwa. QNAP za Celeron J1900 zina ugonjwa wa ukoo huohuo. J4025 ya DS220+ haimo.

DS225+ ya mwaka 2025 ilianza na masharti ya diski za Synology wenyewe, yaliyolegezwa na DSM 7.3 mwezi Oktoba mwaka huo. Kwa mji ambako unanunua diski iliyopo dukani, DS224+ ni chaguo lisilo na maswali, na DS220+ safi ni la pili kwa tofauti ndogo.

Ukiwa na laptop moja na picha za familia, diski mbili za nje zinakutosha, acha hela yako. Kwa ofisi ya watu wanne au studio, DS220+ inalipa, ilimradi adapta yake ya asili imo kwenye boksi. Dukani, omba iwashwe bila diski. Hesabu hadi bip, angalia buluu ikitulia na STATUS ikipepesa chungwa, chomeka waya wa mtandao kwenye tundu la kwanza kisha la pili uone taa zake zote mbili. Fungua ndani uone kama kuna RAM ya nyongeza, na kama ipo, ichomoe na kuwasha mara ya pili. Muuzaji akikuambia haiwezekani kwa sababu umeme haupo, rudi umeme ukiwepo.